Mlango wa Ndiyo

Wewe ulitazama pembeni. Usijitetee, tunakujua. Redio ilikuambia kwamba Waziri Mkuu Duncan Haverill hatakiwi na nchi nzima, kwamba hata mawaziri wake wanamkwepa kwenye ngazi, ukasema, "Ah, hao wote ni wale wale," ukaongeza maziwa kwenye chai, ukaenda zako. Wodi ya dharura ya Askerby ilipofungwa ulisema wewe huishi Askerby. Watu walipoandamana kwenye mvua ulivuta pazia. Basi leo huendi popote mpaka usikie habari za Edna Thackray, ambaye siku ile alikuwa na kila sababu ya kubaki kitandani, na madaktari walishamwambia abaki.

Edna alikuwa mbunge wetu. Mwanamke wa miaka sabini na nne, mfupi, mwenye mikono mikubwa ya mpishi, kwa sababu upishi ndio uliokuwa kazi yake kabla ya siasa. Alipika shule ya msingi, na mwaka ule wa mgomo wa makaa ya mawe ndiye aliyesimamia jiko la ukumbi wa wachimbaji, akalisha mji mzima kwa viazi na ukaidi. Wengine mmeusahau mwaka ule. Askerby haijausahau. Mpaka leo tunajua ni akina nani waliovunja mgomo wakapanda basi la polisi kwenda shimoni, na wajukuu zao tunawajua kwa sura.

Bungeni alikaa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukipinga chama. Hata mara moja. Alikuwa kama mtu na timu yake ya mpira: inafungwa kila Jumamosi, naye yupo uwanjani na skafu yake. Tulikuwa tukimtania kwamba chama kikitangaza kuwa theluji ni nyeusi, Edna atanunua brashi ya kuisugua. Mwenyewe alicheka. "Bora chama kibaya chetu," alikuwa akisema, "kuliko chama kizuri chao."

Majira hayo ya baridi aliteleza kwenye barafu nje ya duka la samaki na chipsi, akavunjika nyonga. Akapasuliwa. Alipoanza kupata nafuu, nimonia ikamvaa. Wakamrudisha nyumbani, kitanda kikashushwa sebuleni, mtungi wa oksijeni ukasimamishwa pale ilipokuwa televisheni. Na hapo ndipo alipokuwa amelala asubuhi ile simu ilipolia.

Alikuwa Gareth Penhale, mnadhimu wa chama, yaani yule mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mbunge anapiga kura anavyotakiwa, kwa kubembelezwa au kwa kuminywa.

"Edna, kipenzi changu! Unaendeleaje?"

"Nakufa polepole. Sema unachotaka."

"Upinzani wameleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Kura ni leo, saa moja jioni. Na wale waasi wetu wamekataa katakata kurudi. Tumehesabu mpaka macho yanatuuma. Ukiwepo wewe, Duncan anashinda kwa kura moja."

"Nisipokuwepo?"

"Zinalingana. Na zikilingana unajua mwenyewe, Spika anamwacha aliyepo aendelee. Lakini Duncan hataki kuokolewa na Spika, atachekwa. Anataka aseme ameshinda."

Edna alivuta pumzi kwenye barakoa. "Gareth, mimi hata chooni siendi peke yangu."

"Hutatembea hata hatua moja. Tunakuletea gari la wagonjwa la kukodi, linaingia mpaka ndani ya ua wa Bunge, wewe umelala zako. Mimi na mnadhimu wa upande wa pili tunachungulia, tunaona u hai, tunatikisa kichwa, basi. Umehesabiwa. Desturi ya zamani hii, babu zetu..."

"Desturi naijua, nilikuwa hapo wewe ukivaa kaptula."

"Basi usihangaike hata kubeba kiti cha magurudumu. Hutashuka."

Gari lilifika kabla Edna hajamaliza tosti.

Hilo ndilo lililomchoma. Si nyonga wala mapafu. Alisikia breki nje, akaona taa za buluu zikizunguka ukutani, akabaki ameshika kipande cha mkate kama mtu aliyepigwa kofi. Kwa sababu Novemba iliyopita, nyumba ya pili kutoka kwake, Hilda Sugden alianguka jikoni akashika kifua. Hilda huyu ndiye aliyemenya viazi pamoja na Edna mwaka wa mgomo. Wodi ya dharura ya Askerby ilikuwa imeshafungwa tangu kiangazi, kwa hiyo gari ilibidi litoke upande wa pili wa nyika, na upande wa pili wa nyika lilikuwa na foleni yake. Edna alikaa sakafuni amempakata Hilda kichwa, amemkunjia kitambaa cha vyombo kuwa mto. Wakaongea. Wakaongea habari za viazi, habari za wanaume wao. Halafu akawa anaongea Edna peke yake. Gari lilipofika, wahudumu walivua kofia.

Na nani aliyeifunga wodi ile? Mwaka wa uchaguzi Haverill alikuja Askerby, akasimama kwenye jukwaa la ukumbi wa wachimbaji, akala pai ya nyama na dengu kama sisi, akatia mkono kifuani. "Mimi nikiwa Waziri Mkuu," alisema, "taa za wodi ile hazizimwi." Edna alisimama pembeni yake akipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Akatuambia tumpe kura. Tukampa. Kiangazi cha pili barua ikaja kwamba hazina ya taifa ni tupu, na taa zikazimwa. Edna alikwenda kumwona ofisini kwake. Akaambiwa hali ni ngumu kwa kila mtu. Akarudi, akanyamaza, kwa ajili ya chama.

Sasa gari la wagonjwa limekuja mbio kuchukua kura.

Muuguzi wa gari alikuwa mwanamke wa Batley aitwaye Shabnam Akhtar, mwenye ushungi wa kijani na mdomo usiokuwa na breki. Walipokwisha kumfunga Edna mikanda na kushika barabara kuu ya kusini, alikaa kwenye kiti kidogo pembeni, akamtazama.

"Mama Edna, chama chako kinakupenda jamani. Bibi yangu alipovunjika mkono tulingoja mpaka supu ikaota ukungu."

"Hata ng'ombe wa maziwa huitiwa daktari," alisema Edna. "Haina maana anapendwa."

Shabnam akacheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo leo unakwenda kukamuliwa?"

Edna alitazama dari la gari. Ndugu msomaji, mwanamke huyu hakuwa mkaidi wa kila siku. Kukipinga chama kwake lilikuwa jambo la aibu, kama kumvua mama yako nguo sokoni. Alihesabu kichwani mwake na hesabu ikamkatalia kila upande. Akihesabiwa garini, Haverill anashinda. Akikataa kuhesabiwa, akabaki amelala, kura zinalingana na Haverill anabaki vilevile. Kumwondoa kulikuwa na njia moja tu: ashuke, aingie ndani ya jengo lile, apite kwa miguu yake kwenye mlango wa Ndiyo, maana mle kura hupigwa kwa kupita mlango, wa Ndiyo au wa Hapana, pamoja na watu aliowachukia tangu ujana wake. Ndiyo, aondoke.

"Shabnam."

"Naam."

"Nikitaka kusimama, nitasimama?"

"Daktari kasemaje?"

"Daktari sikumuuliza. Nimekuuliza wewe."

Shabnam alimtazama vizuri, utani ukamwisha usoni. "Utasimama. Utaumia sana. Na hayo mapafu yanaweza kukukatalia njiani ukaanguka. Mimi kama muuguzi nakwambia usifanye."

"Na kama wewe Shabnam?"

"Kama mimi Shabnam, fremu yako ya kutembelea nimeipakia, iko hapo nyuma. Sikuambiwa niipakie. Siku zote huwa nabeba."

Walifika giza limeshaingia, mvua nyembamba ya London ikimwagika. Gari likapita lango, askari wakachungulia, likasimama uani. Mlango wa nyuma haujafunguka sawasawa, Penhale ameshapanda, ana suti nzuri na tabasamu la mtu ambaye hajalala.

"Shujaa wetu! Duncan anakusalimu. Amesema hatasahau."

"Anasahau vizuri tu huyo," alisema Edna.

Penhale alicheka kwa adabu, akatoa kichwa nje akaita. Akaja mnadhimu wa upinzani, Bi Arabella Stanyforth, mrefu, na lulu shingoni, akachungulia kama mtu anayetazama samaki kama yuko freshi.

"Jioni njema, Edna. Uko hai?"

"Nikifa nitakuambia."

"Vizuri," akasema Stanyforth, akamgeukia Penhale. "Mimi nimeridhika. Tumhesabu na serikali?"

"Mhesabu," alisema Penhale, na kichwa chake kikaanza kushuka kwa ule mtikiso mmoja wa desturi.

"Mimi sihesabiwi garini," alisema Edna.

Kichwa cha Penhale kikasimama katikati.

"Unasema?"

"Anayetikisiwa kichwa ni yule asiyeweza kuingia. Mimi naingia. Shabnam, nifungulie hii mikanda."

"Edna, kipenzi, umechoka. Ni dawa hizo."

"Dawa nilikataa kule njiani, ili nisije nikaambiwa ni dawa."

Stanyforth alikuwa ameanza kutabasamu, taratibu, mpaka meno yote yakaonekana. Edna akamnyooshea kidole. "Na wewe usichekelee! Ninyi ndio mliofunga mashimo yetu. Mlituletea polisi wenye farasi. Sijasahau hata kwato moja. Sikufuati wewe, sikia? Leo tutakuwa na njia moja tu, kama watu wawili wanaoshukia kituo kimoja cha treni."

Stanyforth akaondoka haraka, tabasamu likiwa limemfia, kwenda kuwaambia watu wake.

Penhale akapiga magoti karibu na machela. Sauti ya asali ikaisha. "Nisikilize wewe mwanamke. Ukimwangusha Duncan, unaitisha uchaguzi. Tukienda kwenye uchaguzi na hali hii, wataingia hawa. Hawa! Wewe, Edna Thackray wa Askerby, ndiye utakayewafungulia. Utaweza kulala?"

Hapo Edna alifumba macho, na pengine hapo ndipo Penhale alipodhani ameshinda. Kwa sababu hofu hiyo ilikuwa yake kweli, alilala nayo na kuamka nayo tangu mgomo.

"Umri wangu wote mmenitisha na hawa," alisema mwishowe. "Nilipiga makofi kwa sababu ya hawa. Hilda alipokufa sikusema neno Bungeni kwa sababu ya hawa, wasije wakafaidi. Mkakata posho ya walemavu, nikapita mlango mliosema, kwa sababu ya hawa. Sasa niambie, Gareth. Hao wakiingia, watafanya nini ambacho ninyi hamjakifanya?"

Penhale alifungua mdomo.

Kengele ikalia.

Mtu ambaye hajafanya kazi mle ndani hajui kengele ile. Inalia jengo zima, inalia kwenye migahawa ya jirani, na ikishaanza una dakika nane tu za kuwa ndani ya ujia wako wa kura. Baada ya hapo milango inafungwa, na uwe mfalme wa wapi, umebaki nje.

"Hakuna kiti cha magurudumu," alisema Penhale, akasimama mlangoni mwa gari mikono imetanuka kama golikipa. "Na hapa mpaka ndani ni mbali."

"Samahani, kaka," alisema Shabnam, "mgonjwa wangu anashuka. Ukimzuia mgonjwa wangu nitapiga kelele, na pale nje ya lango kuna waandishi wamekaa kama kunguru."

Akapisha.

Edna alishuka akiwa na koti la baridi juu ya gauni la kulalia, miguuni ana sandali za manyoya, fremu mbele yake. Hatua ya kwanza ilimtoa machozi, ile ya pili ikamtoa tusi, tusi la shimoni ambalo mpishi wa shule hatakiwi kulijua. Shabnam alimshika kiwiko upande mmoja. Walivuka kizingiti, wakaingia kwenye korido ya mawe. Fremu inatangulia, miguu inafuata, pumzi inakuja nyuma ikikwaruza. Wabunge waliwapita mbio kama wanafunzi waliochelewa. Baadhi walikuwa wa chama chake. Mmoja alisema, "Mungu wangu, Edna, ungehesabiwa garini!" akidhani ni uaminifu uliopita kiasi. Mwingine aliyekwisha kuupata umbea alimwambia kwa sauti ya chini, "Msaliti," halafu akakimbia, asije akajibiwa.

"Nimekuona, Trevor!" Edna alimpigia kelele mgongoni. "Kwenye kampeni yako nilikugongea milango kwenye barafu!"

Kelele hiyo ikamgharimu kikohozi kirefu. Shabnam akamsimamisha kwenye ukuta.

"Turudi?"

"Wee! Turudi wapi?"

Penhale alikuwa ametoweka. Walipokata kona ya mwisho wakajua alikwenda wapi. Katikati ya ukumbi ule mdogo ulio mbele ya milango, alisimama Duncan Haverill mwenyewe, nywele zimechanwa, uso wa majivu, Penhale nyuma ya bega lake. Watu waliachia nafasi. Waziri Mkuu wa nchi akamwendea mwanamke mwenye sandali za manyoya, akainama ili uso wake uwe sawa na wa kwake.

"Edna," alisema, laini kabisa. "Nina hatia juu ya Askerby. Nimekuwa nikiwaza sana. Ile wodi itafunguliwa. Wiki hii hii. Mbele ya Gareth nakupa neno langu. Pita mlango wetu tu."

Kuna watu waliokuwapo ambao mpaka leo wanasema hapo Edna angekubali. Na wewe ungekubali, usinidanganye. Wodi ndiyo iliyomtoa kitandani. Wodi ndiyo hiyo hapo, anapewa, mkononi. Shabnam alisema baadaye kwamba alihisi mgonjwa wake akimwegemea kwa uzito wote, akadhani sasa anageuka. Edna alimtazama Haverill usoni kama anatafuta kitu alichokiweka pale zamani.

"Kwa hiyo inawezekana?" aliuliza.

"Inawezekana. Kabisa."

"Nilikuja ofisini kwako. Uliniambia hazina ni tupu, hakuna hata chembe."

"Hali ilikuwa..."

"Imejaa lini? Imejaa sasa hivi, mimi nikiwa kwenye korido?"

Haverill alimtupia jicho Penhale.

"Basi hela ilikuwepo," alisema Edna, na sauti yake ilikuwa imeshuka kiasi kwamba walio nyuma walisogea wasikie. "Hilda yuko sakafuni, hela ipo. Mimi nakuja kukupigia magoti, hela ipo. Ila ulikuwa hujaogopa bado. Nipishe, Duncan."

"Utatumaliza wote, mama wewe!"

"Nipishe."

Hakupisha. Edna akamzunguka. Fremu ile ya bati iligonga kiatu chake kilichong'aa, wala hakuomba radhi.

Mbele ya mlango wa Ndiyo alisimama mlinda mlango, mzee wa koti jeusi na tai nyeupe, jicho kwenye saa. Shabnam hakuruhusiwa kuvuka hapo. Mbunge huingia mwenyewe.

"Nakuachia," alisema Shabnam.

"Niachie."

"Usije ukanifia humo, nitafukuzwa kazi."

"Utapata nyingine. Una mdomo mzuri."

Akamwachia. Edna alibaki peke yake na fremu, na hatua chache tu ambazo wewe ungezipita huku unatafuta ufunguo mfukoni. Kutoka ndani ya ukumbi mkubwa ikasikika sauti ya Spika: "Fungeni milango!" Mlinda mlango akakamata komeo, akaanza kuvuta, kwa sababu hana mamlaka ya kumngoja mtu, awe nani. Edna hakuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni mikono, ile mikono ya masufuria ya mgomo. Akaiinua fremu, akaisukuma mbele kwa nguvu zake zote, ikaangukia kizingitini, na mlango ukagonga bati ukagoma.

"Mheshimiwa," alisema mlinda mlango, "tafadhali ondoa fremu."

"Niondoe mimi kwanza," alisema Edna, akashika ubao wa mlango kwa mikono miwili, akajivuta juu ya fremu, mguu mmoja, halafu ule mbovu. Waliokuwa karibu walisikia alivyolia. Lakini alikuwa ndani. Mzee akaisogeza fremu kwa kiatu ikamfuata, akafunga mlango, akapiga komeo. Wapo waliosema waliona akiuma midomo asicheke.

Ndani ya ujia ule walijaa watu wa upande wa pili, wale wa lulu na wale wa tai za shule kubwa. Walimgeukia wote. Halafu mmoja akaanza kupiga makofi, na mwingine akamsogelea mikono wazi kumkumbatia.

"Usiniguse," alisema Edna. "Mimi sikuja kwenu. Nipeni nafasi nipite."

Wakampa nafasi. Alipita katikati yao mpaka kwa wahesabuji wawili waliosimama mwisho wa ujia, wakamhesabu kama wanavyomhesabu mtu yeyote, kwa sauti, na akaketi kwenye benchi la ngozi akipumua kama mfuko uliotoboka. Hapo ndipo alipokuwa matokeo yaliposomwa. Hakuyaona. Aliusikia ule mngurumo kupitia ukutani.

Kura moja. Haverill ameanguka.

Unadhani hadithi imeishia hapo, umeanza kufurahi? Kesho yake asubuhi Haverill alisimama mbele ya nambari kumi, nyumba rasmi ya Waziri Mkuu, kwenye mvua, akatangaza kwamba uchaguzi unaitishwa. Na kwamba yeye bado ni kiongozi wa chama, na yeye ndiye atakayekiongoza kwenye uchaguzi huo, kwa kuwa nchi inahitaji utulivu. Hakuona haya! Watu mia tatu na ushee wenye miguu mizima waliopita mlango wa kumbakiza walisimama kwenye televisheni mmoja mmoja wakasema wana imani naye. Edna chama kilimfukuza akiwa wodini, kwa sababu safari ile ilimrudisha hospitali, na huko yuko mpaka sasa, mapafu yakigombana naye. Wodi yetu imefungwa vilevile.

Huku Askerby kuna mtu alipaka rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yake, herufi kubwa: MSALITI. Majirani walikuja na ndoo na brashi. Wakampigia simu hospitali kumuuliza watumie dawa gani ya kuondolea rangi.

"Liacheni," alisema. Kila neno na pumzi yake. "Lisomeke. Anayenitafuta ajue nyumba ni ipi. Hayo maji kaosheeni ukumbi, tuna mkutano Alhamisi."

Akataja ajenda ya mkutano. Amelazwa ana mpira wa oksijeni puani, na anataja ajenda.

Sasa wewe. Uchaguzi umeitishwa na Haverill hajaondoka. Ataondoka pale tu watu watakapomwondoa. Mbunge wako yuko mjini kwako wiki hii, anakula pai, anatia mkono kifuani. Usimngoje aje na tabasamu lake, mfuate. Simama mbele yake watu wakisikia, muulize siku ile alipita mlango upi, na kwa nini, na akianza kukutisha na wale wengine mkatize, muulize tena. Halafu nenda kwenye mkutano wa tawi lako ukanyooshe mkono mtu huyo asipewe tena nafasi ya kugombea. Kama hujui tawi lako lilipo, uliza jirani. Usiseme kesho. Vaa viatu utoke, sasa hivi.